Asali kwenye Kidonda cha Mzee Seni

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo ndiyo leo! Dokta Alinanuswe, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu hapa Rujewa, ametoa swali: kidonda cha mguu cha Mzee Seni, mfugaji aliyelazwa wodi ya wanaume, kifungwe kwa asali au kwa bandeji ya kawaida? Tabibu atakayejibu kwa ushahidi bora kikao cha Alhamisi atatuwakilisha kwenye kongamano Iringa. Iringa! Jibu ninalo tayari. Asali. Bibi yangu alipaka asali kila kitu, hata mlango uliolia. Kilichobaki ni kutafuta utafiti unaokubaliana na bibi. Mpinzani ni mmoja tu, tabibu mwenzangu Faustina. Bado anahangaika kuliandika swali vizuri kabla ya kutafuta. Maskini.

Jumanne, 10 Juni
Nimefungua maktaba ya tafiti mtandaoni kwa mara ya kwanza. Jamani! Nimeandika asali na kidonda kwa Kiingereza, tafiti zikamiminika. Wahindi, Wamisri, Waholanzi, wote wamekaa wakipima vidonda kwa rula. Wengine walipiga kura ya bahati nasibu nani apakwe asali na nani asipakwe, ili wasijipendelee. Na waliposhindwa, wakaandika kwamba wameshindwa! Nilibaki mdomo wazi, chai ikapoa. Sikujua kama duniani kuna watu wanaojali hivi mguu wa mtu wasiyemjua. Karibu nitoe machozi.

Kisha nikaziweka kando zote zinazoipinga asali.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata! Utafiti mmoja, hitimisho zito: waliopakwa asali walipona wote. Bando likakata hapohapo, sehemu ya juu sikuisoma. Si neno, uhondo uko mwishoni. Nikapita wodini kumwambia Mzee Seni ajiandae kurudi kwake. Akauliza kama mguu utamruhusu kufuata ng'ombe mpaka mtoni, maana wanawe wanawapoteza. Nikamhakikishia. Alinitazama kwa imani mpaka nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 12 Juni
Siku mbaya. Nilianza kwa kishindo. Faustina akauliza, kwa ule upole wake unaochoma, washiriki wa utafiti walikuwa akina nani. Nikasema wagonjwa, dada, akina nani tena? Akaomba kuufungua kwenye simu yake. Akasoma sehemu ya juu kwa sauti. Ng'ombe wa maziwa. Kwato za nyuma.

Kikao kizima kiliangua kicheko. Hata Mzee Seni, alipohadithiwa baadaye wodini, alicheka huku ameshika mguu. Akasema heri ng'ombe wake sasa wamepata daktari.

Pale kikaoni akasimama Faustina. Alikuwa amesoma zinazokubali na zinazokataa. Akasema kwa kidonda cha aina hii tafiti alizopata ni ndogo na zinapingana, kwa hiyo kuhusu asali jibu ni moja: hatujui. Mbele ya Mfawidhi! Nikasubiri paa lianguke. Yeye akaendelea: tukisafishe vizuri, tukifunge vizuri, na mzee aambiwe ukweli aamue mwenyewe. Dokta Alinanuswe akasimama, akapiga makofi, akamwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa.

Mwili ulinisisimka. Miaka yote kazini nimeona watu wakidanganya ili wasiseme hilo neno hatujui, mimi nikiwa mstari wa mbele. Yeye alilisema na chumba kizima kikawa kama kanisa. Iringa anakwenda Faustina. Lakini kuna nafasi ya pili! Itaamuliwa Alhamisi ijayo.

Jumapili, 15 Juni
Mahubiri sikuyasikia. Nawaza neno lile tu. Tukufu! Mchungaji akaniuliza mlangoni kama nimeguswa. Nikamwambia sana.

Kidonda cha Mzee Seni kinaanza kufunga, kwa njia ya Faustina. Nimekwenda kukitazama mara nyingi. Ajabu kweli. Na siri ya ushindi wa Faustina nimeshaing'amua. Wala haihitaji bando.

Alhamisi, 19 Juni
Ushindi! Dokta akauliza kama mtoto anayeharisha hunufaika na maji ya chumvi na sukari. Nikasimama. Nikashusha pumzi kama Faustina. Nikasema hatujui.

Dokta akarudia swali polepole. Nami nikarudia jibu polepole. Akauliza basi, kunawa mikono kabla ya kumshika mgonjwa kuna faida? Hatujui! Faustina akafunika uso kwa viganja. Wivu. Dokta akavua miwani, akanitazama kwa muda mrefu, akaniomba nikae. Kwa sauti ya chini kabisa. Hajawahi kunisemesha kwa heshima namna hiyo.

Suti ya Iringa nimeshaipiga pasi.