Ndoo Kavu ya Castelmaurin

Fulbert Lacaze hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango; Fulbert alifunguliwa, akavutiwa kiti, na wakati wa kuondoka akasindikizwa hadi getini. Kwa miaka kumi na mitano aliishi Bordeaux bila kazi inayojulikana, akiwa na suti moja ya kijivu, viatu vilivyong'aa kuliko dhamiri yake, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia padri rozari yake mwenyewe.

Aprili hiyo, katika lile juma ambalo wanunuzi huja kuonja mvinyo mpya ungali ndani ya mapipa, alikuwa mkahawani kando ya mto, akibembeleza kikombe kimoja cha kahawa tangu saa mbili asubuhi. Meza ya pili aliketi Bwana Anselme Tauzin, mfanyabiashara mkubwa wa mvinyo, akiwanong'oneza wenzake kwa sauti iliyofika mpaka jikoni.

"Castelmaurin msiiguse," alisema Tauzin. "Semeni mvua ya Septemba imeozesha zabibu. Tukigoma sote juma hili, yule bibi hana pa kuuza. Jumamosi benki inampigia hodi kudai deni lake, nami nanunua mvinyo, mizabibu na kasri lenyewe kwa bei ya banda la kuku."

"Na Mwonjaji akisema vingine?" mmoja akauliza.

Meza nzima ikanywea. Mwonjaji alikuwa mtu mmoja wa Antwerp, kule Ubelgiji, aliyeandika jarida la mvinyo bila kuweka jina lake wala picha. Akiusifu mvinyo, bei inapaa. Akiuponda, mwenye shamba anauza trekta. Hapakuwa na mtu Bordeaux nzima aliyewahi kumwona uso.

Fulbert aliweka kikombe chini taratibu. Mtu asiye na uso! Yeye alikuwa nao mmoja, tena haukuwa na kazi juma hilo.

Kesho yake saa nne alishuka basi mbele ya Castelmaurin, tumbo likinguruma, maana nauli ilikuwa imekula kifungua kinywa. Alipokelewa na Bibi Solange de Castelmaurin mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini na miwili, buti za mpira miguuni na sweta lililotoboka kiwiko. Ukoo wake ulikuwa umelima mizabibu hapo kwa miaka mia tatu, na sasa ulikuwa umebaki naye, mzee Ferdinand mkuu wa ghala, na siku nne kabla ya Jumamosi.

"Nani mwenzetu?" aliuliza Bibi Solange.

"Bibi, mtu kama mimi akitaja jina, kazi yake imekwisha," alisema Fulbert, akaongeza kwa sauti ya chini, "Natoka Antwerp."

Mikono ya bibi ilianza kutetemeka. Alimpeleka ghalani, kati ya safu za mapipa. Ferdinand akatumbukiza bomba la kioo ndani ya pipa, akavuta mvinyo mwekundu, akaijaza bilauri hadi robo.

Fulbert alifanya kila alichowahi kuona wakubwa wakifanya. Aliizungusha bilauri. Aliiinua kwenye mwanga. Alinusa kwa huzuni, maana alishaona kwamba wataalamu hunusa kama watu waliofiwa. Kisha akanywa, maneno yake ya kukariri yakiwa tayari ulimini.

Maneno yakapotea. Alikuwa amekunywa mvinyo maisha yake yote, wa kupewa, wa kukopa na wa kuchomoa, lakini huu ulimshuka kooni ukaingia mahali ambapo hakujua kama bado pana mtu. Aliona haya, bila kujua kwa nini.

"Jamani," alisema.

Akanyoosha bilauri tena. Na tena. Mara tatu. Mguuni pake palikuwa na ndoo ndogo ya bati. Akaisogeza kwa ncha ya kiatu, akidhani ni ya kupigia deki. Ferdinand aliitazama ile ndoo, akamtazama bibi. Mikono ya Bibi Solange ikaacha kutetemeka.

"Bwana unasemaje?" aliuliza, sasa kwa upole mkubwa.

Fulbert akajikusanya. "Nitaandika, Bibi. Ila huwezi kumpima mtoto bila kuwajua babu zake. Nipe chupa kumi na mbili za zamani, za enzi za babu yako, nikalinganishe nyumbani kwa utulivu."

"Kumi na mbili tu? Usiwe na aibu, Bwana. Utazipata. Mimi nina sharti moja. Mchana huu nimewaalika wanunuzi. Watakuja, kwa kuwa kula hawajagoma. Keti nao, uwaambie ulichosema sasa hivi."

"Mbona sijasema kitu?"

"Umesema 'jamani'. Anzia hapo."

Mchana wakaketi watu kumi na mmoja mbele ya mwanakondoo aliyechomwa juu ya moto wa vijiti vya mizabibu. Tauzin alikuwa na sura ya mtu aliyekuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake.

"Pole sana kwa ile mvua, Bibi Solange," alisema, akijipakulia. "Na huyu bwana ni jamaa yako?"

"Mgeni wa Antwerp," alijibu bibi, akimpitishia chumvi.

Uma ukaanguka mahali fulani. Fulbert aliinua bilauri, akafumba macho. Kisha akasema. Alisema mvua haikuharibu kitu. Kwamba mvinyo huu ungali na ukali wa ujana, lakini chini yake kuna utulivu wa nyumba ambayo watu wake wamekula wakashiba. Alisema hajawahi kuonja kitu kama hicho, na kwamba anayeuacha atawaeleza wajukuu wake kwa nini. Ajabu ya mambo ni kwamba, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, Fulbert Lacaze alisema kwa dakika tano mfululizo bila kudanganya, akadhani anatapeli.

Wanunuzi wakaanza kutazamana. Mgomo ulidumu hadi mmoja wao alipokohoa kama mtu anayetaka kutaja bei.

"Nachukua mimi!" Tauzin aliruka. "Mapipa yote!"

"Hapana, hata sisi..." mwingine akaanza.

"Yote, kwa bei ya juu kuliko mtu yeyote hapa! Bibi, kalamu iko wapi?"

Alitia sahihi kabla jibini ya kumalizia mlo haijaletwa.

Alasiri Ferdinand alileta kreti ya chupa kumi na mbili zenye vumbi la kutosha kupanda karoti.

"Hazina lebo?" aliuliza Fulbert.

"Bwana unajua mwenyewe, chupa za ghalani hubandikwa siku ya kuondoka," alisema Bibi Solange. "Ukisubiri hadi kesho..."

"Najua, najua sana," alisema Fulbert, ambaye kusubiri ndiko alikokuogopa kuliko polisi.

Asubuhi iliyofuata kreti ilikuwa juu ya meza ya Tauzin, ofisini kwake ghorofani.

"Zawadi ya Bibi Solange," alisema Fulbert. "Siwezi kusafiri nazo. Nikasema, nani Bordeaux hii anastahili kuuziwa?"

Macho ya Tauzin yakang'aa. Alichukua kizibuo. "Tuone mwaka."

"Lakini hazina lebo."

"Lebo ya nini? Mwaka si umechomwa kwenye kizibo?" Alisema hivyo kama mtu anayesema maji hulowesha, akavuta.

Kizibo kilikuwa kitupu pande zote. Harufu ikatoka, ikajaa chumba, ikawatoa wote wawili machozi.

"Siki," alisema Tauzin. "Siki ya kachumbari!" Alimtazama mgeni wake, viatu, suti, uso. "Mwonjaji gani hajui mwaka unaandikwa wapi? Wewe ni nani, mbwa wewe? Nitakuitia polisi!"

"Ita," alisema Fulbert. "Waambie mimi tapeli. Halafu waambie ule mvinyo ulionunua wote jana ulisifiwa na nani."

Ngazini zilisikika hatua za wafanyabiashara waliokuja kuomba awauzie japo mapipa mawili. Akili nyingi huondoa maarifa, na za Tauzin zilikuwa nyingi mno.

"Toka," alinong'ona. "Beba takataka zako. Na utoke unatabasamu!"

Fulbert alishuka ngazi akitabasamu, kreti begani, huku wanaume wenye suti za maana wakimvulia kofia. Angeweza kuitupa mtoni. Badala yake alipanda basi la Castelmaurin, kwa sababu kuna swali lililokuwa linamuuma kuliko njaa.

Aliwakuta Bibi Solange na Ferdinand ghalani, wakiongeza mvinyo katika mapipa yaliyopungua.

"Mlijuaje?"

Ferdinand aliigonga ndoo ya bati kwa kiatu. "Hii ni ya kutemea, Bwana. Waonjaji hutema, la sivyo wangekufa ifikapo Jumatano. Yako ilibaki kavu."

"Miaka arobaini nawaona wakitema humu," alisema Bibi Solange. "Uliponyoosha bilauri mara ya tatu nilijua mambo mawili. Kwamba wewe ni mwongo, na kwamba mvinyo wangu ni mzuri. Hilo la pili nilikuwa nimeanza kulitilia shaka." Akageukia pipa. "Kwa hilo nakushukuru. Siki ni zawadi. Ni nzuri, ya mama yangu."

Fulbert alivua kofia. "Bibi, sitaki kitu kingine. Nipe bilauri moja tu."

"Si wangu tena, Bwana. Ni wa Tauzin. Njoo baada ya miaka miwili, ukishatiwa chupani. Na uje na pesa, kama watu."

Ndani ya basi la kurudi mjini, kreti magotini, alimgeukia mama mmoja aliyekuwa na kapu la vitunguu. "Mama, nakuambia kweli ya Mungu. Mvinyo wa Castelmaurin mwaka huu haujapata kutokea."

Mama yule alitazama suti, akatazama viatu, akatazama zile chupa zenye vumbi.

"Hunipati," alisema, akahamishia kapu lake upande wa dirishani.