Kaya ya Mtu Mmoja

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Karani wa sensa amepita kujitambulisha. Kijana mpole, soli zimekwisha. Anasema kila mtu ataandikwa kwa uhusiano wake na mkuu wa kaya. Mkuu ni nani hapa? Mama mkwe akadakia kabla sijafungua mdomo: yeye!

Kwa hiyo mimi ni mkwe tu, na mke wangu hayupo tena duniani. Kidoti, binti aliyekuja naye kwenye ndoa, niliyemlea tangu hajaota meno, ataandikwa mjukuu wa bibi yake. Na kwangu? Si lolote. Nataka aandikwe mtoto wangu. Sitaki kingine!

Nikauliza kaya ni nini hasa. Akasema ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Aha! Akili ikachemka.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimenunua jiko la mafuta ya taa, nimeliweka chumbani kwangu kando ya cherehani. Chungu changu, kaya yangu, mkuu mimi! Mama mkwe akauliza kama chakula chake kimeanza kunidhuru. Nikamwambia ni mambo ya kiserikali. Akasema haya.

Wali umeungua chini, juu mbichi. Kidoti akaonja kwa adabu, kisha huyoo, kwa bibi yake. Msaliti!

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nakula peke yangu. Nawasikia wakicheka nyuma ya ukuta. Vibaya sana.

Nimemhonga Kidoti sketi ya mifuko miwili, ale kwangu hadi sensa ipite. Akashukuru sana. Akaivaa kwenda kula kwa bibi yake.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Balaa! Karani kaja. Nikajitangaza mkuu wa kaya, kola nimeinyoosha. Akauliza nani mwingine anakula chungu changu. Nikamkonyeza Kidoti. Akasema hapana, yeye anakula kwa bibi. Hajui kusema uongo. Nimemlea mwenyewe, nimlaumu nani?

Karani akasema basi, kaya ya mtu mmoja. Mtu mmoja! Nilikuwa na watu wangu, nikajitoa mwenyewe. Machozi yakanitoka. Nikasingizia moshi. Jiko halikuwa limewashwa.

Mama mkwe akamwambia karani afute. Akasema mimi ni wa chungu chake, hii ya sasa ni hasira ya njaa. Karani akauliza aandike mkwe? Mama akasema hapana, aandike mtoto. Karani akaanza kueleza utaratibu. Mama akamwambia aandike, chai inapoa. Akaandika.

Kidoti akauliza kama sasa mimi ni mjomba wake. Bibi akasema ya karani amwachie karani. Kidoti akasema alikuwa anauliza tu, baba yake anamjua, ni mimi. Akanimegea mkate wake. Nampenda mtoto huyu, jamani!

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimesikia wasimamizi watapita Jumanne kuhakiki baadhi ya nyumba. Mkuu wa kaya akiwa safarini, si nitajibu mimi, na Kidoti aandikwe mtoto wangu?

Nimemwambia Mama kwamba dada yake amemkumbuka mno, anamwomba aende kesho akalale siku mbili tatu. Amefurahi, ameanza kufunga mizigo. Amesema hawezi kutuacha, tunakwenda wote watatu.

Sasa natafuta namna ya kumjulisha dada yake kwamba ametualika.