Pikipiki Iliyolala kwa Wakwe

Jumatatu, 7 Oktoba. Butembo
Siku ya kwanza kazini. Victoire wangu alipiga pasi shati mpaka kola ikasimama yenyewe. Akasema nafanana na mkurugenzi. Naamini. Tumefunga ndoa juzi tu na bado hajawahi kukosea.
Kampuni ni changa. Rébecca, mwenye kuianzisha, anaiita startup. Tunauza pikipiki za betri, zisizokunywa mafuta wala kupiga kelele. Tuko wawili kwenye majaribio, mimi na Zorobabel, na nafasi ni moja. Atakayetangulia kuuza kabla ya Jumamosi jioni atabaki. Namhurumia Zorobabel. Hana mke.

Jumanne, 8 Oktoba
Nilipeleka pikipiki ya maonyesho rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, kwa bamotari wanaobeba abiria. Mmoja akauliza: "Papa, hii hailie, bateja batajua namna gani niko nakuya?" Mwenzake akamjibu kwamba piki yenye kunyamaza ni ya mwizi ao ya muzimu. Walicheka sana. Nikacheka pia, kwa heshima ya kampuni.
Kosa si langu. Butembo ni baridi, na watu wa baridi huamua polepole. Soko langu liko Beni, kwenye joto. Tena wazazi wa Victoire wanakaa kule, mbele ya kituo cha bamotari. Nitaegesha uani kwao, wateja watakuja wenyewe. Nilimwambia Rébecca nina mtandao Beni. Sikusema mtandao ni baba mkwe. Alinipa pikipiki, mradi irudi Ijumaa.

Jumatano, 9 Oktoba. Beni
Safari tamu kuliko asali. Victoire alifunga usukani kwa utepe mweupe uliobaki harusini, akanikumbatia kutoka nyuma njia nzima. Kwa kuwa pikipiki haingurumi, nilimsikia akihema. Hoja nzuri ya mauzo, ingawa si kwa bamotari.
Kisha jambo dogo. Sukari na sabuni za wakwe tulizisahau mezani. Mama mkwe, Mama Adèle, alitoka, akaona mikono mitupu, akaona utepe, akapiga vigelegele. Majirani wakaja kuimba. Baba mkwe, Papa Kataliko, aliweka kiganja juu ya kiti, akasema: "Mukwe, leo uko mutoto yangu wa kuzaa." Halafu akaiombea pikipiki.
Kwetu, kitu ambacho mkwe ameingiza uani siku ya kwanza hakitoki tena. Na mama mkwe hatazamwi usoni, sembuse kusahihishwa. Nilitazama viatu vyangu nikashukuru. Victoire alilia, akasema hakujua nampenda kiasi hiki. Nani angefungua kinywa?

Alhamisi, 10 Oktoba
Baba mkwe ameenda nayo misa, kisha sokoni, kisha misa tena. Mtaa mzima umeisifu. Nilisimama kituoni na makaratasi ya kampuni. Hakuna aliyeuliza bei. Wote waliuliza kama nina wadogo zangu ambao hawajaoa. Mama Berthe, jirani, alinionyesha mabinti zake juu ya ua. Nilimpa karatasi. Akapepea nayo makaa.
Rébecca alipiga simu kuuliza pikipiki iko wapi. Nikasema iko mikononi mwa mtu makini sana. Si uongo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Habari mbaya. Zorobabel amepata mteja, mwalimu, anakuja kesho mchana. Na Rébecca amesema pikipiki isiporudi, nami nisirudi.
Nilimwendea baba mkwe na ukweli wote mdomoni. Akanitangulia. Familia imekaa, akasema, na mbuzi wa mahari waliobaki hawatawaomba tena. "Piki imezimeza."
Nilikaa kitako. Mbuzi hao baba yangu anao Butembo, wamefungwa tayari kuletwa. Wengi, maana Victoire si msichana wa mbuzi wachache. Ilikuwa kama malaika amenigusa bega. Mimi na Victoire tulipanda lori la kwanza la Butembo.

Jumamosi, 12 Oktoba. Butembo
Asubuhi niliingiza mbuzi ofisini. Mmoja alikula bango letu, mwingine akaijaribu tai ya Zorobabel.  Rébecca, kama binti wa mfanyabiashara wa Butembo, akaanza kuwapapasa migongo. Akampigia mjomba wake mwenye bucha. Akasema mbuzi wanatosha bei ya pikipiki, lakini ni mara ya kwanza na ya mwisho.
Mteja wa Zorobabel alifika mchana. Mimi nilikuwa nimeshauza. Zorobabel alilalamika kwamba hayo si mauzo, ni mahari. Nilimpa pole na kumweleza kwamba biashara inataka moyo. Nafasi ni yangu! Victoire alinirukia shingoni mbele ya mbuzi wote.
Rébecca ameniapisha: nisiegeshe tena pikipiki ya kampuni katika ua wa ndugu yeyote. Nimeapa kwa mkono wa kuume.

Jumapili, 13 Oktoba
Mjomba wa Victoire kule Lubero amenuna. Eti tumewasalimia wengine, yeye tumemruka. Victoire ana huzuni, na huzuni yake siiwezi. Kwa bahati kesho napewa pikipiki mpya ya maonyesho, na Lubero hakuna muuzaji hata mmoja.
Kiapo nitakitunza. Mvua ni nyingi siku hizi, kwa hiyo nitaiingiza moja kwa moja sebuleni. Rébecca alikataza ua. Sebule hakuitaja.