Asilimia Thelathini na Nane ya Mtu Aliyeteswa

Kwa heshima na taadhima, na bila aibu hata chembe, natangaza kwamba Idara yetu ya Kuwapokea Walioteswa imekamilisha mafunzo yake ya kwanza kwa maafisa wa haki za binadamu. Waliohudhuria ni kumi na wanane. Waliofaulu ni kumi na wanane. Aliyehudumiwa ni mmoja, na huyo alijihudumia mwenyewe. Mratibu wa mafunzo ni mimi, kwa hiyo pongezi ziletwe kwangu.

Nina stashahada ya utawala na watoto wanne, maana yake nimezoea kuongoza watu wasiosikia. Nilipokabidhiwa kazi hii nilianza na jambo la msingi, yaani fomu. Sikuwa na muda wa kuitunga, basi nikaichukua fomu ya Idara ya Maji ya kupokea malalamiko ya wateja. Kila palipoandikwa "mita" nikaandika "mwili". Yakapatikana maswali themanini na sita, kurasa kumi na nne. Mkurugenzi aliipima kwa mkono, hakuisoma, akasema, "Hii ina uzito." Ikapita.

Ili mafunzo yasisumbuliwe, nilibandika tangazo mlangoni: OFISI IMEFUNGWA KWA SIKU TATU. TUNAJIFUNZA KUKUHUDUMIA. IJUMAA TUNAPUMZIKA. RUDI JUMATATU. Niliona ni tangazo la kiungwana.

Siku ya tatu, Alhamisi, ilikuwa ya vitendo. Kikundi cha maigizo kilituahidi mwigizaji mmoja, mtu mzima, wa kuigiza mtu aliyeteswa. Aje saa nne. Saa nne na dakika ishirini nilitoka nje nikiwa nimefura, nikamkuta mwanamke amesimama mbele ya tangazo langu, analisoma mara ya pili.

"Umechelewa!" nikamwambia.

"Najua, mama. Nimetembea. Nataka barua ya—"

"Utasema ndani. Watu wanakungoja."

Nikamshika mkono wa kulia kumvuta. Akaruka kama aliyeguswa na kaa la moto. Nikajisemea, huyu anaijua kazi yake.

Ukumbini nikamkalisha kwenye kiti cha mbele. Aliyetakiwa kumhoji alikuwa afisa mwandamizi tuliyempachika jina la Kifungu, kwa sababu hata akiomba chumvi hutaja kifungu. Mkurugenzi alikaa kando na karatasi ya maksi.

Mwanamke akageuka kutazama nyuma. "Naomba kukisogeza kiti. Sikai mgongo ukiwa mlangoni."

"Mchoro wa ukumbi umeshapitishwa," Kifungu akasema.

"Basi nitasimama."

Akasimama. Mkurugenzi akaandika kitu.

"Kabla hamjaanza," mwanamke akasema, "mimi si mwigizaji. Mimi ni fundi cherehani. Walinishika mwezi wa pili, wakaniweka siku tisa. Bega hili haliinuki tena. Kesi yangu ni kesho asubuhi. Hakimu amesema bila ripoti ya daktari anaifuta, na daktari hampokei mtu bila barua yenu. Anaondoka saa tisa. Nimekuja kuchukua barua, basi."

Ukumbi mzima ukaguna kwa kuridhika. Afisa wa nyuma yangu akanong'ona, "Ameingia kwenye uhusika moja kwa moja, hata salamu hakuna."

"Swali la kwanza," Kifungu akasema. "Mwili wako ulifungwa lini?"

"Nimeshasema, mwezi wa pili."

"Swali la pili. Je, mwili unavuja?"

Mwanamke akamtazama. Halafu akanitazama mimi. Nikamwashiria ajibu.

"Ulivuja," akasema.

"Taja walichokufanya. Mistari miwili tu, nafasi ni ndogo."

"Haitoshi mistari miwili."

"Basi fupisha."

Akawa anautazama mlango. Mimi nikaitazama saa, kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

"Sijui nifupishe lipi," akasema.

Swali la kumi na tisa liliuliza, kwa kipimo cha moja hadi kumi, ameridhika kiasi gani na huduma aliyoipata akiwa kizuizini. La arobaini lilimtaka athibitishe kwamba hakuuchezea mwili yeye mwenyewe. Hapo alisema tena kwamba si mwigizaji. Alipofika la themanini na sita alisema kwa mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Tukampigia makofi.

Tulikuwa tumekula, tumerudi, na saa ilikuwa saba na nusu. Mkurugenzi akasimama na matokeo.

"Machozi, sifuri kati ya ishirini. Kutetemeka, matatu kati ya kumi. Kuinamisha macho, mawili. Huyu muda wote anatazama mlango! Aliyeteswa kweli hatazami mlango, anatazama chini. Heshima kwa mahojiano, matano. Jumla, pamoja na vipengele vingine, asilimia thelathini na nane. Dada yangu, nasikitika, hujanishawishi kama mtu aliyeteswa."

"Nikushawishi vipi, baba?" mwanamke akauliza. Sauti yake haikupanda. "Niambie tu, maana daktari anaondoka saa tisa."

"Nitakuonyesha," Mkurugenzi akasema, akavua koti. "Mimi nitakaa hapo, niwe wewe. Wewe kaa upande wa afisa, unitazame kwa karibu."

Mkurugenzi akakaa kwenye kiti, mgongo ukiwa mlangoni, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai. Akaanza kulia. Alilia vizuri, lazima tuseme ukweli. Mhasibu wetu alitoa leso.

Mwanamke akakaa mahali pa Kifungu. Mezani palikuwa na fomu, kalamu na kitabu cha barua zenye nembo ya Idara, kila karatasi na nakala yake ya kaboni chini. Vyote vilikuwa vya kweli. Mimi ndiye niliyeagiza mazoezi yafanane na kazi. Fomu akaisukuma pembeni.

"Unahitaji nini?" akamuuliza Mkurugenzi.

Mkurugenzi akaacha kulia. Swali hilo halimo kwenye fomu. "Naogopa," akajaribu.

"Nimesikia. Leo hii unahitaji nini?"

Akanigeukia. Nikamnong'oneza, "Barua ya daktari, mheshimiwa."

"Barua ya daktari."

"Ya kitu gani?"

"Ya... bega."

"Haya." Akavuta kitabu cha barua, akaandika polepole, mkono umebanwa ubavuni. Mistari mitano. Akainua kichwa. "Hapa kwenu nani anasaini?"

"Mimi!" Mkurugenzi akasema, akawa ametoka kwenye uhusika bila kuaga. Hakuna kitu anachokipenda duniani kama kusaini. Akaitia sahihi yake ile ndefu, akachomoa muhuri mfukoni, maana muhuri ule haulali mbali naye, akaugonga.

Mwanamke akaing'oa barua kitabuni, akaikunja mara moja. "Naweza kwenda?"

"Nenda, dada. Fanya mazoezi ya kulia."

Akatoka. Hakukimbia, ila niligundua kwamba viatu vyake vilikuwa vimeshaelekea mlangoni kabla jibu halijaisha.

Saa nane na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwingine, kichwa kimefungwa bendeji, rangi nyekundu inamtiririka mpaka shingoni.

"Samahanini jamani," akasema, "rangi ilikataa kukauka. Nilie sasa hivi au mnisubiri nianguke kwanza?"

Kifungu ndiye aliyeuliza, na kwa mara ya kwanza bila kutaja kifungu: "Sasa yule alikuwa nani?"

Mkurugenzi akanikodolea macho. "Nimesaini nini?"

Nikaisoma nakala ya kaboni. Ilisema kwamba aliyeileta barua alishikwa mwezi wa pili, akawekwa siku tisa, akaning'inizwa kwa mkono wa kulia, na kwamba Idara inamwomba daktari alitazame bega lake leo, aandike anachokiona. Chini yake, "Asante."

"Ifutwe!" Mkurugenzi akasema. "Mpigieni daktari!"

Kifungu akapekua mwongozo. Barua hufutwa pale tu inapothibitika kwamba mwenye barua hakuteswa. "Tumthibitishe kwa kigezo gani, mheshimiwa? Tunacho kile tu cha asilimia thelathini na nane."

Simu ikalia kabla hajajibu. Alikuwa daktari mwenyewe. Alisema amemaliza, ripoti ameshamkabidhi yule mama, na kwamba kwa miaka sita aliyofanya kazi na sisi hii ndiyo barua ya kwanza aliyoielewa. Akauliza nani kaiandika. Mkurugenzi akakohoa, akasema ni matunda ya mafunzo.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu wa kwanza, yeye anakuna nazi, mimi napepeta mchele.

"Mama, kwani hukumwuliza kama ni mwigizaji?"

"Nilimwuliza maswali themanini na sita."

"Hilo lilikuwa la ngapi?"

Nikamwambia anakuna vibaya.

Ijumaa hakimu aliipokea ripoti, na kesi haikufutwa. Habari hiyo sikuletewa na mtu wa Idara. Niliisikia Jumatatu saa moja na nusu asubuhi getini kwetu, kwa watu ishirini na watatu waliokuwa wamepanga foleni. Mbele alikuwa mzee wa makamo, fundi wa redio.

"Mna shida gani?" nikauliza.

"Hatuna shida," akasema. "Tumekuja kuigiza."

"Wote?"

"Wote, mama. Tumeambiwa ukija na shida utaambiwa rudi Jumatatu. Ukija kuigiza unasainiwa siku hiyohiyo."

Nikabandua tangazo, nikafungua mlango, nikaweka viti mahali ambapo kila mtu aliweza kuuona. Nikawauliza mmoja mmoja anahitaji nini. Lilikuwa swali la kuibiwa, lakini nimeshasema, hata fomu niliiiba. Kufika saa tatu barua zilikuwa ishirini na tatu, fupi zote.

Mkurugenzi alipofika nilikuwa nimezipanga mezani kwake, na foleni imesimama mbele yake.

"Hawa ni nani?"

"Waigizaji, mheshimiwa."

"Na mimi nitajuaje kama—"

"Saini," nikamwambia, kwa sauti ninayoitumia nyumbani kwa mtu anayekataa dawa.

Akasaini. Vilisikika kalamu na muhuri tu. Kwenye barua ya kumi na moja akaiweka kalamu chini, akaukunjua mkono, akaupuliza.

"Jamani, vidole vinaniuma."

Fundi wa redio akasogea. Vidole vyake vitatu havikunjiki tangu walipomshika.

"Pole sana, baba," akamwambia. "Pumua kidogo. Halafu umalizie."