Mapafu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Bosi ametangaza kwamba atakayeandika barua bora ya Kiingereza kwa wateja wa nje ndiye atakayekuwa msimamizi wa barua zote za kampuni. Yaani kiti cha kuzunguka, meza ya dirishani, na mamlaka ya kumtuma Miwani. Miwani ni jirani yangu wa meza na mpinzani wangu wa kudumu. Kaazima kitabu cha sarufi kinene kama tofali. Maskini. Barua yangu imebakiza kuwekwa mikato tu, na mbinu ninayo tangu shule: ukivuta pumzi, weka mkato.

Jumanne, 4 Machi
Nimeweka mikato nikipanda ngazi za ofisini, barua mkono huu, kalamu mkono huu. Kusoma kwa sauti, bila kupoteza muda. Lifti mbovu. Ghorofa ya tatu nikawa nahema ovyo. Dada wa mapokezi kaitazama karatasi, kaniuliza kama sisimizi wamepita na wino miguuni. Basi, nimegundua tatizo. Mbinu haina kasoro. Kasoro ni mapafu yangu.

Jumatano, 5 Machi
Mapafu nimepata! Shemeji, mdogo wake mke wangu, hupiga tarumbeta harusini. Nimembembeleza asome nakala mpya ya barua sebuleni, mimi nimtegee pumzi. Kasoma ukurasa mzima bila kupumua. Hakuna mkato hata mmoja! Karatasi safi, inang'aa. Mke wangu kauliza ni yupi kati yetu aliyeanza kuchanganyikiwa. Nimemwambia asubiri anione dirishani.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaisoma barua yangu kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Hakupata pa kupumzika. Aya ya pili jasho, aya ya tatu kikohozi, kisha kashika meza kwa mikono miwili. Dada wa mapokezi kakimbilia maji.

Kiti kapewa Miwani. Imeniuma, sifichi. Nilishajiona nikizunguka. Miwani kanifuata kwa upole, kasema ndugu yangu, chukua kitabu hiki, sura ya mikato ni fupi, unaimaliza wakati wa chai. Nimemshukuru, nikamrudishia.

Maana kosa langu nimelijua. Nilitumia pumzi ya shemeji, wakati msomaji ni bosi! Jumatatu nahamishia meza yangu karibu na mlango wake, nisikilize anavyohema.