Salvina Ameninyima Kejeli

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Leo Salvina amenikejeli mbele ya gulio zima la Runzewe, watu wakashika mbavu!

Uongo. Hata shajara naidanganya. Salvina alinipa shikamoo. Tena kwa kupiga goti, kana kwamba nimekuwa padri. Nikaitikia marahaba kama mzee wa kanisa.

Huyu ni mlamu wangu, mdogo wa marehemu mke wangu Anisia. Shemeji kwa shemeji ni watani, hakuna kukasirika. Miaka yote ameniita Miguu ya Korongo. Amesema nikivaa kaptula ndege wananiamkia. Anisia mwenyewe hakuwahi kunicheka. Kazi hiyo alimwachia mdogo wake. Tangu azikwe, kejeli za Salvina ndizo pekee zinazonipigia hodi.

Kosa langu: mwezi jana nilimtuma jirani yangu Dominiko akamwambie nataka kumwoa. Tangu hapo, adabu tupu! Dominiko anasema mwanamke akinyamaza anafikiri. Mimi naona ni ukame.

Jumanne, 5 Agosti

Kisomo cha watu wazima. Mwalimu Bernadina kaandika ubaoni: KEJELI. Akasema ni maneno ya kumcheka mtu ili kumdharau. Nani atatunga sentensi? Nikanyoosha mkono: "Salvina ananinyima kejeli."

Darasa likalipuka. Mwalimu akasema mtu hunyimwa chumvi, hanyimwi kejeli. Nikamwambia yeye bado mtoto. Anayekudharau hakutazami. Anayekukejeli amekutazama mpaka kifungo kilichokatika.

Salvina alikaa benchi la mbele. Hakugeuka. Niliisoma shingo yake tu. Haikuandikwa kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango! Koti la harusi, kaptula, mguu mmoja katambuga ya tairi, mwingine buti la mvua. Nikapita taratibu penye foleni ya kuuza pamba. Onesmo wa mizani alicheka mpaka akapima gunia moja mara mbili. Mbwa wakanifuata. Salvina akaja mbio. Moyo ukaruka!

Akauliza kwa upole, "Pole, shemeji, umeumia mguu?"

Pole! Afadhali angenitupia jiwe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeanza mimi. Nikamwambia Salvina ugali alioupika kwenye sherehe ya kipaimara ungeziba ufa wa ukuta. Akajibu kwamba siku nyingine atajitahidi.

Nimerudi nyumbani. Hata kuku wanakanyaga kwa adabu. Nimekaa kwenye kigoda cha Anisia, nikajiita Miguu ya Korongo kwa sauti. Haichekeshi ukijiita mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamua. Bora mtani kuliko mke wa shikamoo. Nimekwenda mwenyewe kwake kuiondoa posa. Alikuwa anapepeta mchele. Nikasema, kwa kigugumizi, ile habari ya Dominiko aisahau.

Akaweka ungo chini. Akanitazama toka kofia mpaka kisigino.

"We Miguu ya Korongo! Mwezi mzima nangoja uje na mdomo wako, unaniletea wa Dominiko! Siku ya harusi utaazima na miguu? Maana hiyo yako, ukisimama altareni, watoto watadhani ni mishumaa!"

Majirani wakatoka. Febronia wa nyumba ya pili alikaa chini kwa kucheka. Mimi machozi yalinilenga. Zile kejeli! Sauti ileile, kidogo kama ya dada yake! Nikashukuru, nikaaga, nikakimbia nyumbani niziandike kabla neno moja halijapotea. Nyuma yangu alikuwa bado anaita, "Sasa unakimbilia wapi, mlamu?"

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Salvina kasema kofia yangu inaomba likizo. Asante, Bwana! Nimerudi mtu.

Na nimetambua jambo. Mwanamke anayenitazama hivyo ananitaka! Posa irudi upesi. Lakini mimi mbele yake ulimi unaniganda. Hapa panatakiwa mtu anayejua kusema.

Nakwenda kwa jirani sasa hivi, nitamwambia hivi: Dominiko, ulipolazwa na malaria nani alikuchungia ng'ombe? Wema huo hujaurudisha. Basi nenda kwa Salvina mara moja tu, jioni hii, ukaseme yaleyale ya mwezi jana.