Ombi la Kurudishiwa Herufi Ndogo

Sebuleni kwenu, kiti cha dirishani
Alhamisi

Kwa Mjomba,
Fundi Mkuu wa Kompyuta za Ukoo,
Popote ulipojificha.

Ndugu Mjomba,

KUH: SKRINI YA KOMPYUTA YETU KUONYESHA HERUFI KUBWA KULIKO AIBU YANGU INAVYOWEZA KUVUMILIA

Shikamoo. Najua ungependa nikupigie simu, lakini unanijua mwenyewe: kwenye simu huwa nasema "ndiyo" na "mm" mpaka salio linakata. Kwa kalamu angalau nathubutu. Basi uichukulie barua hii kama vile nimesimama mbele yako na kukutazama machoni, jambo ambalo sote wawili tunajua halitatokea.

Kwa heshima zote, na bila kupunguza hata chembe ya upendo, ninakushtaki. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Jumamosi ile ulipokuja kusafisha kompyuta uliikuta na virusi, ukaiacha na jambo baya zaidi. Kabla hujaigusa, ukurasa mzima ulikuwa unaenea kwenye skrini kwa herufi za kawaida, za kusomwa na mtu mmoja tu aliyekaa karibu. Ulipoiwasha tena, kila kitu kilikuwa kimevimba. Alama za mafaili zilikuwa kubwa kama sahani, na maandishi yaliyotosha kwenye skrini yalikuwa mistari minne. Nilipokuonyesha, ulikuwa tayari unafunga kamba za viatu. Ukasema, "Aa, hiyo ni rezolusheni tu, itajirekebisha yenyewe." Mjomba, tangu lini kitu kikajirekebisha chenyewe katika nyumba hii? Bomba la jikoni linajirekebisha tangu nikiwa darasa la tatu.

Sikukaa tu kulalamika, nilijaribu. Nilifungua pale pa kuchagua ukubwa wa picha, nikakuta kipimo sahihi kipo, nikakichagua. Lakini kitufe cha kukubali kiko chini kabisa ya dirisha lile, na kwa jinsi lilivyovimba, chini yake iko nje ya skrini. Yaani ili herufi zipungue lazima nibonyeze kitufe, na ili nikione kitufe lazima kwanza herufi zipungue. Nilikaa mbele ya jambo hilo kama mtu aliyejifungia nje na funguo ziko mezani, anaziona.

2. Baba. Shemeji yako ni seremala, na kwake hakuna ugonjwa usiotibika kwa futi na msumeno. Alipima skrini kona hadi kona, akatangaza kwa nyumba nzima: "Ni inchi zilezile. Haijavimba." Nikamweleza kwamba skrini haijakua, yaliyomo ndani ndiyo yamekua. Akafikiri sana, penseli sikioni, kisha akasema, "Kitu kikiwa kikubwa mno, dawa yake ni kukisogeza mbali." Akaihamisha meza mpaka ukuta wa mwisho wa sebule, akaipigilia misumari isitoroke, akaongeza urefu wa waya wa kibodi, na mimi akaniweka kwenye kiti cha dirishani, kibodi mapajani.

Nakiri kwamba kutoka pale herufi zilionekana za kawaida kabisa. Baba alijisifu siku nzima. Hakuna aliyekumbuka kwamba sasa skrini inatazama dirisha, dirisha linatazama kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro, hatua chache tu, kuna saluni.

3. Hapa inanibidi niungame, maana bila hivyo hutaelewa ukubwa wa msiba. Ninaandika hadithi. Ni ya kwanza katika maisha yangu, ni ya gazeti la shule, mwisho wa kupokea ni kesho Ijumaa, na nilikusudia kuipeleka bila jina. Inahusu mwoka mikate anayempenda karani wa posta na hawezi kumwambia. Kila asubuhi karani anakuja, mwoka mikate anamkabidhi mkate, anasema, "Wa moto huo," halafu anakimbilia jikoni. (Tafadhali usiniulize tabia hiyo nimeitoa kwa nani.)

Hadithi hiyo iliyokuwa siri, Mjomba, sasa inasomwa na watu wenye rola kichwani.

4. Saluni hapo zamani ilikuwa na viti vinavyotazama kioo. Msusi amevigeuza vyote. Siku ya kwanza nilishtuliwa na sauti kutoka ng'ambo: "We binti, shusha! Shusha mstari mmoja, wengine tumechelewa!" Nikainuka, nikafunga pazia. Bibi akainuka, akalifungua, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, watu wanasoma."

Na wangesoma kimya ningeshukuru. Mwoka mikate hafungui mlango bila mtu kutoa maoni. Bibi anataka kujua kwa nini huyo kijana hajala chochote tangu sura ya kwanza ilhali anashinda kwenye mikate. Baba alisoma sentensi moja tu katika hadithi nzima, akaja juu: "Kaunta ya futi tano? Anawauzia twiga?" Nikaipunguza. Msusi naye hana subira na wanaume waoga. Mwoka mikate alipokimbilia jikoni kwa mara ya nne, alipaza sauti kichochoro kizima kikasikia: "Huyo akichelewa tena, namchukua mimi! Mkate wa moto kila siku, mnachezea?"

5. Siwezi kufuta. Hili nalitaja peke yake kwa sababu ni la haki za binadamu. Mwandishi yeyote duniani huandika neno baya, akalifuta, na dunia haijui. Mimi nikifuta neno, wanawake watatu wanapiga kelele kwa pamoja: "Rudisha! Nani kakwambia ufute?" Juzi nilifuta busu. Lilikuwa busu la kujaribu tu, la shavuni, nilitaka kuona likoje. Nimelirudisha mara mbili kwa shinikizo la umma, na kila liliporudi nilijifunika uso kwa kibodi.

6. Ndipo nikaamua kutumia elimu yangu. Nilihamia Kiingereza. Nilijiambia, haya, shule imenipa lugha mbili, moja nitazungumza na familia na nyingine nitajificha ndani yake. Niliandika kurasa mbili kwa raha isiyo kifani. Kichochoro kilikuwa kimya kama siku ya mtihani.

Bibi akamwita Msusi aje kutafsiri.

Mjomba, Msusi anajua Kiingereza cha kutosha na ana maneno yake mwenyewe ya kujazia. Mahali nilipoandika kwamba mwoka mikate alikunja aproni yake, yeye alisoma kwamba alipiga magoti. Nilipoandika kwamba mvua ilianza kunyesha, yeye alisoma kwamba karani alilia machozi ya furaha. Kufikia mwisho wa ukurasa wa pili, kwangu mimi walikuwa bado hawajaulizana majina, na kwake walikuwa wanachagua mapazia ya sebule. Sasa hadithi ziko mbili, na kwa masikitiko makubwa nakuarifu kwamba mtaa unaipenda zaidi ya kwake. Nilirudi kwenye Kiswahili angalau kulinda heshima ya wahusika wangu.

7. Ulipokuja tena wiki iliyopita ulikuwa na kila kifaa kwenye begi lako. Bibi alikutazama, akakwambia, "Mwaka wa ngapi huu sijasoma kitu bila miwani? Atakayeigusa hiyo skrini aniage kabisa." Wewe, fundi mwenye cheti, ukaweka begi chini ukaomba sukari ya chai. Baba hana lawama. Mbele ya mama mkwe wake anajua maneno mawili tu, "ndiyo" na "mama". Dada yako naye amesema kesi ya wanaukoo haimhusu mtu anayetoka kazini amechoka. Lakini wewe ni mtoto wake wa kumzaa, nilitegemea ubishe hata kidogo.

8. Nimejulikana. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Unafahamu kwamba kwenda dukani huwa napita njia ya nyuma ili nisisalimiane na watu wengi. Sasa njia ya nyuma nayo ina wasomaji. Muuza vocha, ambaye hata sikujua kama anajua nipo, alinisimamisha akaniuliza kwa uso mzito, "Dada, huyo wa mikate ana tatizo gani hasa?" Nilisimama pale masikio yananiwaka. Nikajibu, nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimjibu mtu mgeni sentensi nzima: "Anaogopa akisema, karani hata mkate hatakuja kuuchukua tena." Muuza vocha akatikisa kichwa, akasema, "Aisee, namwelewa." Mimi nikasahau nilichotumwa.

Matokeo ya yote haya ni kwamba hadithi haina mwisho. Kila mmoja ameshachagua wa kwake. Bibi anataka waoane, Msusi anataka waoane leo, Baba anataka kaunta ibadilishwe iwe ya mbao za mninga. Nikianza kuandika mwisho wangu, nageuka naona vichwa vimeinuka ng'ambo, na vidole vyangu vinakufa ganzi. Kesho ni Ijumaa.

Kwa kuzingatia hoja hizi, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, uje leo hii, uirudishe skrini kwenye kipimo chake, na umwambie Bibi kwamba imejirekebisha yenyewe, kama ulivyoahidi. Ikiwa hilo ni gumu, naomba umpatie kila mtu katika kichochoro hiki miwani isiyomfaa. Ikiwa nalo haliwezekani, basi saluni ihamishwe. Baba anasema ni banda la mbao, likikatwa vizuri linahamishika, ingawa hajui kwa nini nilimuuliza. Na ikiwa yote hayo yatashindikana, naomba unipokee kwako kama mkimbizi wa herufi. Nitalala popote, ilimradi ukuta uwe nyuma yangu na skrini iwe na mtazamaji mmoja.

Nikishukuru kwa muda wako na nikitumaini kwamba safari hii begi halitawekwa chini,

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Mwandishi asiyetaka kujulikana
(na aliyejulikana).

Wote hapa wanakusalimu. Baba anasema ile stuli uliyoomba iko tayari, uje na kamba. Mama anasema upunguze chumvi. Bibi anasema uje kumwona, ila mikono uitie mifukoni. Msusi, ambaye hata hakuulizwa, anasema nawe unahitaji kunyolewa.

Tanbihi: Mjomba, usije.

Barua ilikuwa imeshakunjwa, nikasema ngoja nijaribu mara ya mwisho. Kumbe kile kitufe hakihitaji kuonekana. Unagonga Tab kwenye kibodi, unagonga tena na tena, unakifikia hukohuko kilikojificha, kisha Enter. Skrini ilizimika kidogo, halafu herufi zikarudi, ndogo, nadhifu, zangu peke yangu. Nilivuta kiti mpaka kwenye meza, nikaandika mwisho wa hadithi kwa amani kamili. Mwoka mikate alifunga duka asubuhi moja, akahamia mji mwingine, hakumwambia mtu. Nilifurahi, nikauona ni mwisho wa kifasihi sana.

Nilipogeuka, Msusi alikuwa amesimama mlangoni kwake, kitana mkononi, amekunja macho. Hakupiga kelele. Alisema polepole tu, "Jamani, mmetuzimia?" Na Bibi alikuwa ameinama nyuma yangu, uso karibu uguse skrini, anatafuta. Akaniuliza, "Amemwambia?"

Ningeweza kunyamaza, ni kazi ninayoiweza. Nikasema, "Hapana, Bibi. Amehama."

"Kahama? Bila kusema neno?" Akakaa kwenye stuli yako, mikono mapajani. "Na sisi tuliokuwa tunamsubiri?"

Hapo niliona kwamba nilikuwa sijaandika mwisho wa mwoka mikate. Nilikuwa nimemtorosha kupitia njia ya nyuma.

Nimerudisha herufi kubwa. Nimerudi kiti cha dirishani, nikafuta ule mwisho wote, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema nirudishe. Kisha nikamsimamisha mwoka mikate mbele ya kaunta, asikimbilie jikoni. Maneno yake yalijaza skrini nzima, na kabla sijaweka nukta niligeuka, nikayaona yakitembea midomoni mwa watu kule ng'ambo. Hakupiga magoti, Mjomba, wala karani hakulia. Lakini alisema. Msusi amelirusha taulo juu kwa furaha, na kesho naipeleka hadithi na jina langu likiwa chini ya kichwa chake.

Kama lazima uje, njoo mapema. Viti vya upande wa saluni vinajaa.